Kitenge cha Upande wa Bwana Harusi

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Miguu! Miguu yangu! Nimeamka saa nne na vidole vimevimba kama ndizi kwenye mafuta. Lakini sijutii hata kidogo.

Naandika upande wa nyuma wa daftari la vipimo, kwa sababu upande wa mbele umejaa vifua na viuno vya wateja. Fundi hana daftari lingine. Mtu akilifungua mbele atakuta sentimita za wanawake wa nusu ya mtaa wetu wa Katoyi. Akilifungua nyuma atanikuta mimi, na afunge haraka.

Jana, basi. Sketi ya njano niliyoishona mwenyewe, mpasuo juu kidogo ya goti — kidogo tu, Mungu anaona. Blauzi nyeusi. Hereni za Micheline, rafiki yangu mwenye saluni mlango wa pili. Yeye ni Mnande wa Butembo, anasuka kuliko mtu yeyote mtaani hapa na anajua hivyo. Tulivaa kandambili mpaka mlangoni pa terasi ya Mama Clotilde kule Himbi, ndipo tukatoa viatu vya visigino kwenye begi. Kila msichana wa Goma anajua: ukitembea na visigino juu ya mawe haya ya volkano, unafika na kimoja. Wakati wa kurudi Micheline alijisahau. Kisigino chake kimebaki katikati ya mawe mawili, hatukuweza kukitoa.

Tulikula sambaza za moto, zile ndogo za ziwa letu, zimekauka vizuri, na pilipili na ndimu. Halafu mishikaki ya mbuzi. Micheline alikunywa bia yake ya Primus, mimi soda yangu ya Vitalo. Dijei alianza na rumba za wazee, taratibu, watu wanajifanya hawasikii. Ilipofika sebene, ile sehemu ya kasi, gitaa likachemka — hakuna aliyebaki kwenye kiti. Nilicheza mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia, kisu bado kiko mkononi.

Asubuhi nimemkuta Mama anaparua magamba ya thombe, samaki anaowauza sokoni. Tangu Papa, baba yangu, afariki, miaka saba sasa, Mama ana nguo mbili za kutokea: moja ya bluu ya giza, nyingine ya bluu ya giza zaidi. Mtoto wake fundi! Ni aibu ya kazi yangu. Akaniuliza, bila kuinua macho, kama wamama wa umri wake nao huenda kwenye zile terasi. Nikamjibu kwa kucheka kwamba huenda, kutafuta waume zao. Alicheka kidogo naye. Akaendelea na samaki.


Jumanne, tarehe 6 Agosti

Kazi! Kazi nyingi! Faida wa jirani anaolewa tarehe 31, na pande zote mbili zimeniletea vitenge. Upande wa bibi harusi: rangi ya divai, na vipepeo vidogo vyeupe. Upande wa bwana harusi: kijani, na ndege wa dhahabu. Kusema kweli kijani ni kizuri zaidi, lakini sisi ni watu wa Faida, tutavaa divai. Mimi na Mama tumeshapewa vyetu.

Kitenge cha familia hakiazimwi. Ukikivaa, umejitangaza. Familia ya bwana harusi huingia ukumbini kwa mstari, wakicheza, rangi moja wote. Mwanamke asiyezaliwa humo akiingia katika mstari ule, huyo ni mke wa mtu humo, au yuko karibu kuwa. Hakuna anayeuliza tena. Wamemwona, imekwisha. Mwaka jana msichana mmoja wa Ndosho alijishonea cha upande wa bwana harusi kwa sababu rangi ilimpendeza. Wiki nzima watu walimpongeza. Mchumba wake wa kweli amehamia Bukavu.

Vitenge vya kijani vimeletwa na Papa Musafiri, mjomba wa bwana harusi. Namjua tangu utoto: yeye na Papa walikuwa madereva pamoja. Sasa anaendesha lori la Fuso la barabara ya Kiwanja, na samaki wa Mama kutoka Vitshumbi hupanda kwenye gari lake. Mkewe alifariki zamani. Ni mtu mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Vipande kumi na vinne, kila kimoja kimebanwa karatasi ya vipimo kwa pini. Ameniambia nisiharakishe, nishone vizuri tu. Mteja wa kwanza maishani mwangu kusema hivyo.


Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Nimeshona. Nimeshona. Nimeshona. Umeme umekatika mara tatu. Micheline ameniletea maandazi na habari za watu, zote mbili zikiwa moto.


Jumapili, tarehe 11 Agosti

Jana orkesta ya kweli! Magitaa matatu, ngoma, saksofoni moja ya muzee aliyefumba macho muda wote. Ni ukumbi ule wa kando ya ziwa, saa kumi na moja jioni, upepo mzuri. Nilivaa gauni jekundu la mikono ya puto. Wasichana wawili wameniuliza nani kanishonea. Nimewaambia jina la fundi kwa unyenyekevu mkubwa.

Na nani yuko katikati ya uwanja? Papa Musafiri! Koti la rangi ya maziwa, suruali imenyooka, viatu vya rangi mbili. Mfukoni ana kitambaa cha kufutia vumbi jeusi la barabara, nimemwona akiinama kufuta kabla hajapanda ngazi. Anacheza bila kutoka jasho. Vijana wanaruka, yeye anasogea kidogo tu, na macho yote yako kwake. Nimezoea kumwona na ovaroli na harufu ya samaki. Sikujua.

Alitununulia mishikaki na jibini ya Masisi iliyokaangwa. Akakaa nasi wimbo mmoja. Akasema, "Mama Sumaya alikuwa anacheza rumba kuliko batu bote ba Birere. Haujue?"

Nikasema sijui, na Sumaya mwenyewe ni mimi. Akaitikia kwa kichwa, akatazama ziwa. Micheline akanikanyaga chini ya meza. Sielewi alitaka kusema nini, na kisigino chake kipya kinauma.


Jumatano, tarehe 14 Agosti

Nimefunga kibanda changu mapema, niandike.

Kwenye bunda la kijani kulikuwa na kipande kimoja chenye karatasi isiyo na jina. Vipimo tu. Nilidhani ni shangazi fulani wa kutoka mbali. Nikakata, nikashona, kifua, kiuno, nyonga, napiga mluzi. Chini kabisa ya karatasi mtu ameandika: bega la kushoto, punguza sentimita moja na nusu. Nikapunguza. Nilipomaliza nikaivika sanamu ya kibandani gauni lile, nikasogea nyuma kuliangalia.

Na nikamwona Mama. Amesimama mbele yangu bila kichwa.

Bega lake la kushoto liko chini kwa sababu ya beseni la samaki, miaka yote hiyo. Nimemshonea tangu nina miaka kumi na tano, sihitaji kumpima. Kiuno themanini na nane. Nikaichukua ile karatasi tena. Saba yenye kistari katikati. Ni mkono wake mwenyewe! Amejipima, ameandika, amempa Papa Musafiri, naye ameibana kwa pini katika kitenge cha familia yake.

Kwa hiyo wamepatana. Mama yangu ataingia katika mstari wa kijani nyuma ya mwanaume, mbele ya Katoyi yote, na mimi nitakuwa ng'ambo, na divai yangu, nikipiga makofi kama mgeni.


Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Tumekula sombe ya majani ya muhogo na bugali. Ameniuliza kama kazi inaendelea. Nimesema inaendelea.

Koti la Papa bado liko nyuma ya mlango wa chumba. Nimeliangalia mpaka chakula kikapoa.

Nina wivu. Niandike tu, nani atasoma? Mimi natoka kila Jumamosi, nacheza, nakula, nachumbiwa na wapumbavu wawili kwa mwezi. Yeye kazi yake ni kunifungulia mlango. Niliona ni sawa hivyo. Nilidhani Mama ni kama nyumba, inakaa pale pale mpaka urudi.


Jumamosi, tarehe 17 Agosti

Sikutoka leo. Micheline amebisha, nimesema naumwa tumbo.

Nimefanya jambo baya. Nimefumua lile gauni la kijani pembeni, nikaliingiza sentimita tatu kila upande, nikashona tena. Zipu haitapanda. Hawezi kulivaa, atavaa divai, atakuja kukaa karibu nami. Na hakuna atakayejua, mafundi wote hukosea.

Kitambaa kilichobaki ndani ya mshono sikukikata. Hata katika ubaya wangu mimi ni fundi.


Jumatatu, tarehe 19 Agosti

Papa Musafiri amekuja kuchukua nguo. Amezipokea moja moja kwa mikono miwili. Ile moja ameiweka juu kabisa. Ameacha samaki mkubwa, bado ana barafu, akasema asante, mutoto wangu. Nimeshindwa kumwangalia machoni. Nilijifanya nashona, na mashine haikuwa hata na uzi.


Alhamisi, tarehe 22 Agosti

Kuna kitu kinaendelea hapa nyumbani.

Juzi Mama alisema hana njaa. Jana alisema amekula sokoni. Leo nimemkaangia sambaza kama anavyopenda, zimekauka mpaka zinalia mdomoni — kaonja mbili, akasukuma sahani kwangu, akanywa chai bila sukari. Anatoka alfajiri na beseni kwa miguu mpaka sokoni, yeye ambaye siku zote huweka beseni kwenye chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mwili umekuwa mzito.

Mwili umekuwa mzito! Nilikwenda chumbani kwake alipokuwa akioga. Sanduku liko wazi kidogo chini ya kitanda. Kijani ndani.

Amelijaribu. Sasa anajinyima ili limtoshe.

Siwezi kulala na siwezi kula pia. Kwa hiyo nyumba nzima tumefunga, na si Ramadhani.


Ijumaa, tarehe 23 Agosti

Amekaa chini sokoni. Hakuanguka, amekaa tu ghafla, kando ya beseni, kizunguzungu. Muuza ndizi kampa maji yenye sukari. Nimekimbia kutoka kibandani na tepu bado shingoni. Ameniangalia kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Nilimshika mkono tukarudi polepole, akiomba samahani kwa kuniondoa kazini. Yeye anaomba samahani! Kwangu mimi!

Jioni nimemwambia Micheline yote. Alikuwa anamsuka mtu, amesimamisha mkono. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Amesema tu kwamba mama yake yuko Butembo, mbali, na kwamba angempa kila kitu alicho nacho ili amwone akijaribu nguo mpya mbele ya kioo. Halafu kaendelea kusuka, na yule mteja akanitazama kwenye kioo mpaka nikaondoka.


Jumapili, tarehe 25 Agosti

Mama ameenda kwa mama yake Faida kuchambua mchele. Nimechukua gauni kwenye sanduku, nimefunga mlango. Nimefumua. Uzi baada ya uzi, na wembe, taratibu. Nimerudisha sentimita zote tatu, nikaongeza nusu kila upande ili apumue, ili acheze. Nimepiga pasi kwa kitambaa chenye maji. Matundu ya mshono ule wa Jumamosi yamebaki, mstari mwembamba kama sisimizi wamepita. Kitenge kizuri hakisahau sindano. Nimesugua kwa ukucha, yamepungua, hayajaisha.

Shingo pia nimeibadilisha. Ilikuwa ya duara, ya shangazi. Nimeikata umbo la moyo. Ana kifua kizuri Mama, miaka saba kimefichwa kwenye bluu ya giza.

Nililia nikishona. Machozi yakadondoka juu ya ndege mmoja, nikapiga pasi na hapo pia.


Jumatatu, tarehe 26 Agosti

Usiku nilisikia sanduku linavutwa. Kimya kirefu. Zipu — sauti moja, mpaka juu.

Nilibana pumzi ukutani kama mwizi.

Asubuhi amekula bugali mara mbili, na samaki, na mabaki ya sombe. Nami nimemwongezea chai.


Jumatano, tarehe 28 Agosti

Nimemtoa Mama! Nimefunga kibanda saa tisa, nikamwambia avae, tunakwenda kula. Kasema kuna samaki nyumbani. Nikasema hatukai nyumbani na samaki leo, tunakwenda kukaa na watu.

Terasi ya Mama Clotilde, meza ya pembeni, ziwa linang'aa. Ile bluu ya giza zaidi, ndiyo, lakini nilimfunga kilemba changu cha machungwa na Micheline kampaka rangi kidogo mdomoni. Kwanza alikaa kwenye ncha ya kiti kama yuko kwa daktari. Alipoletewa sambaza akakosoa mafuta, akakosoa ndimu, akauliza bei akashtuka. Halafu akala zote. Nikaagiza tena, akala tena! Mama Clotilde mwenyewe akaja kumsalimu, kumbe walisoma madrasa moja utotoni, kabla Mama Clotilde hajaolewa na kuhamia kanisani. Wakacheka mambo ambayo sitayaandika hapa.

Kisha spika ikatoa rumba moja ya zamani. Mama alikuwa anaongea, akakoma. Vidole vikaanza kugonga meza. Nikamvuta mkono. Alikataa mara mbili kwa adabu, mara ya tatu akasimama.

Papa Musafiri hakudanganya. Mgongo umenyooka, mabega yametulia, nyonga zinaongea polepole, kwa lugha ambayo mimi na sebene zangu zote siijui. Nilikuwa namkanyaga. Akaniambia nisikimbize muziki, niungoje, utanifikia. Nilimshika kiuno na nikahisi jinsi alivyopungua kwa siku zile chache, na nikataka kusema. Mdomo ulifunguka. Lakini alikuwa amefumba macho, amefurahi kiasi kwamba niliogopa kumwamsha.

Nampenda sana Mama yangu. Sijui kwa nini hatusemi hivyo.


Jumamosi, tarehe 31 Agosti

Asubuhi. Saluni ya Micheline imejaa mpaka barabarani. Mama ametoka mapema na ile bluu ya giza, begi kubwa mkononi. Amesema anakwenda kusaidia jikoni. Sawa. Nimevaa divai yangu, vipepeo vyangu, mgongo wazi kidogo. Divai ya Mama imebaki kwenye msumari, haijaguswa. Nitakuwa peke yangu mezani, basi. Nitapiga makofi. Nimeapa nitapiga makofi kwa nguvu.


Jumamosi hiyo hiyo, saa mbili za usiku

Niko kwenye ngazi za nyuma za ukumbi. Taa ni ya mlinzi. Daftari lilikuwa kwenye begi pamoja na sindano na pini, kwa sababu fundi kwenye harusi hali mpaka kila mtu amefungwa vifungo. Rangi ya macho imeharibika yote.

Niandike haraka. Nusu saa iliyopita wameniita kwenye chumba cha pembeni wanakojiandaa watu wa bwana harusi. Kuna mama mmoja zipu imemshinda, walisema. Nimekwenda na koleo langu dogo. Wenzake walikuwa wametoka tayari kupanga mstari. Amesimama peke yake, amenipa mgongo, kijani, dhahabu, bega la kushoto limekaa mahali pake.

Zipu haikuwa imemshinda. Aliniita tu.

"Funga polepole," kasema.

Nikafunga. Ikapanda bila shida. Sikuondoa mkono.

Akasema bila kugeuka, "Ile karatasi ni mimi niliandika. Sikuweka jina. Nilijisemea, Sumaya anajua mwili wangu kuliko munganga. Akitaka atashona. Akikataa atarudisha kitambaa, na sisi wote tutanyamaza, na Musafiri nitamwambia hapana."

Kumbe haikuwa siri. Lilikuwa ni swali. Aliniuliza kwa njia pekee ambayo isingenilazimisha kujibu kwa mdomo, na mimi nikajibu kwa sindano, tena nikajibu vibaya.

Nikasema, "Mama, mimi nili—"

"Najua. Nilichukua tepu yako, nikapima. Niliona haiko mimi nilinenepa, ni gauni ndiyo ilipunguzwa." Kidole chake kikapita pembeni, juu ya yale matundu. Alikuwa anajua hata yalipo. "Nikasema, mutoto amenipimia kanafasi kadogo. Ni mutoto wangu, ana haki. Basi nipunguke, niingie mule mule."

Hakusema kwa hasira! Angesema kwa hasira ningebaki. Aliyasema kama mtu anayeeleza bei ya samaki. Alikuwa anakufa njaa ili atoshe katika wivu wangu, na ananipikia chai.

Sikusema samahani. Nilikimbia. Nimempita Papa Musafiri kwenye korido, koti jeupe safari hii, anafuta viatu ambavyo tayari vinang'aa. Akaniuliza kama Mama yuko tayari. Kile kitambaa kikamdondoka, akakiokota, kikamdondoka tena. Mwanaume mzima, dereva wa barabara ya Kiwanja. Nikasema ndiyo, yuko tayari, nikapita.

Orkesta imeanza. Nasikia msemaji anaita familia ya bwana harusi. Watu wanapiga vigelegele.

Wanaita tena.

Kuna nini? Muziki umezunguka pale pale, wanarudia mwanzo.

Micheline amekuja, ana viatu mkononi, anahema. Mstari wote uko mlangoni na hauendi. Mama ndiye wa nyuma ya Papa Musafiri na amekataa kunyanyua mguu. Dada mkubwa wa Papa Musafiri amekuja mwenyewe kuuliza tatizo ni nini. Mama amesema hakuna tatizo, anangoja mtoto wake.

Nimemwambia Micheline niko na divai. Siwezi kuingia kwenye mstari ule, ukumbi mzima utaona, kipande cha divai katikati ya kijani. Mama yake Faida atasema nimehama upande. Watasema fundi mwenyewe hajui kitenge chake.

Micheline amelowesha kitambaa kwa mate, ananifuta macho.

Naona mlango kutoka hapa, nikiinama kidogo. Mstari wa kijani, migongo tu. Mama yuko pale. Hajageuka kunitafuta. Lakini mkono wake wa kushoto ameunyoosha nyuma, wazi, vidole vinacheza kidogo, kama alivyokuwa akifanya sokoni nilipokuwa mdogo, kwenye msongamano, ili nijue pa kushika.

Waseme. Navaa viatu. Micheline, shika daftari hi—